Kufuga Maradhi

Neno ukungu halina sifa njema katika kisiwa chetu cha Pemba. Karafuu iliyonyeshewa juu ya jamvi ikaota ukungu hupoteza bei yake, na mwenye nayo huipeleka kituoni kwa haya, ameichanganya na nzuri akitaraji mpimaji hataiona. Na hilo ni jambo dogo ukilinganisha na yaliyowafika wazee wetu. Wao walikuwa wakiuona mkarafuu mzima, wenye majani tele, unanyauka katika siku chache na kufa umesimama, kama mtu aliyepigwa na radi. Waingereza waliuita ugonjwa huo kifo cha ghafla, na walihangaika nao miaka mingi kabla ya wataalamu wawili, Nutman na Roberts, kuonesha katika miaka ya 1950 kwamba muuaji ni kuvu, Valsa eugeniae kwa jina lake la kitaalamu. Kuvu nyengine huua mkarafuu tawi baada ya tawi. Hiyo huingilia kwenye majeraha, na kila mchumaji anayevunja tawi badala ya kulipinda huifungulia mlango.

Basi Mpemba akiambiwa kwamba wako watu duniani wanaofuga kuvu kwa makusudi, wakailisha wali, wakaiweka pahala penye kivuli mpaka istawi, kisha wakaigawa kama mtu anavyogawa miche ya migomba, ana haki ya kuuliza kama watu hao wana akili timamu. Wanazo. Hufanya hivyo ili kuvu iwaulie wadudu wanaokula mazao, na pengine magugu yanayoyanyonya mazao hayo. Mimi si mtaalamu wa kilimo. Nilisomea ualimu, nikakaa skuli mpaka nikastaafu, na miaka mingi ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Lakini jambo hili limenikalia kichwani kwa muda sasa, kwa sababu chini yake limelala suala ambalo si la wataalamu peke yao: je, ni halali mtu kufuga maradhi? Na akishayaachia, dhima yake inafika wapi?

Tuanze na kazi yenyewe inavyokwenda, maana si insafu kukihukumu kitu usichokijua. Kuvu ni jamaa kubwa sana. Uyoga tunaoula ni kuvu, hamira inayoumua mandazi ni kuvu, choa za kichwani kwa watoto ni kuvu. Katika jamaa hiyo wako wanaoishi kwa kuua wadudu. Mtaliana mmoja, Agostino Bassi, alionesha mwaka 1835 kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza viwavi wa hariri nchini kwao yalisababishwa na kuvu, na huo ulikuwa ushahidi wa mwanzo mwanzo kwamba kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho kinaweza kumtia mnyama ugonjwa. Kwa Bassi kuvu ilikuwa adui. Mwaka 1879 huko Odessa, Élie Metchnikoff akaligeuza jambo hilo juu chini: alichukua kuvu ya rangi ya kijani, ambayo sasa inaitwa Metarhizium, akawatilia kwa makusudi mbawakavu waliokuwa wakila ngano. Hapo ndipo ufugaji wa maradhi ulipoanza kuwa elimu.

Namna inavyoua ni hivi. Mbegu za kuvu hiyo ni laini kuliko unga, na mdudu hazimezi. Humwangukia tu mwilini au huzikanyaga. Zikipata unyevu humea, zikatoa kijimzizi kinachotoboa gamba la mdudu kwa nguvu na kwa kuliyeyusha, kisha hutambaa ndani na kula damu yake. Mdudu huendelea kutembea siku kadhaa, huku hamu ya kula ikimpungua, halafu hufa. Kukiwa na unyevu, kuvu hutoka nje tena kupitia viungo vya mwili na kumvika maiti joho la kijani. Kila joho ni mbegu mpya.

Niliposoma habari za nzige ndipo niliposimama. Nzige aliyeingiwa na kuvu hii hupanda juu ya majani au jiwe, akajigeuza kuelekea jua, na akakaa hapo muda mrefu kuliko wenzake walio wazima. Anajitia homa. Mwili wake hauwezi kuzalisha joto kama wetu, basi hulikopa kwa jua, mpaka akafikia karibu nyuzi 40, joto ambalo kuvu hailistahamili. Kwa njia hiyo anaweza kuishi siku nyingi zaidi, na baadhi yao hupona. Jua likizama au wingu likitanda, maradhi hurudi kazini. Mimi si katika watu wanaomlilia kila mdudu, na nzige nisingemkaribisha kondeni kwangu kwa lolote. Lakini tangu nisome habari hiyo siwezi tena kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba mdudu hana analolijua. Analijua hili moja: kwamba anataka kuishi, na jua liko wapi. Anayemfugia maradhi na amuue, akipenda, lakini asijidanganye kwamba anang'oa majani.

Kwa hivyo suala la kwanza nalijibu bila ya kuzunguka. Kuua kiumbe kinachokula chakula cha watoto wako ni jambo ambalo binadamu amelifanya tangu alipoanza kulima, na sioni kwamba kulifanya kwa kuvu ni kubaya kuliko kulifanya kwa jembe au kwa moto. Anayeona ni vibaya na aache kulima, maana hata kupalilia ni kuua. Uzito wa jambo hili hauko kwa mdudu peke yake. Uko katika kujua ni nani anayelipa gharama ya nafuu yetu, na kama aliulizwa.

Hapa hapana budi tuitazame sumu, kwa sababu kuvu inaletwa ili ishike nafasi yake. Nilikuwa mtoto pale mpango wa kutokomeza malaria ulipofika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapiga dawa walipita nyumba kwa nyumba na pampu zao migongoni. Masufuria na vyakula vilitolewa nje, kuku wakafukuzwa, nasi tukasimama uani tukisikia pampu inavyokoroma ndani. Kuta zilibaki na weupe, na harufu haikutoka kwa siku nyingi. Dawa ilikuwa DDT. Sasa ni mtindo kuitaja DDT kama shetani, na kweli ina mabaya yake: haiozi upesi, hupanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa ndege na kwa samaki, na hukaa katika mafuta ya mwili wa binadamu. Lakini mwenye insafu lazima aseme pia kwamba malaria ilishuka sana Unguja na Pemba katika miaka ile, na kwamba mpango uliposimamishwa mwaka 1968 ilirudi, na watoto wakafa. Niliwazika baadhi yao, nikiwa kijana. Siwezi kuilaani DDT kwa urahisi wa mtu asiyewahi kubeba jeneza dogo.

Lakini dawa ile ya ukutani ni jambo moja, na sumu inayomwagwa kondeni ni jambo jengine. Anayepiga sumu kwenye tungule zake leo asubuhi huona viwavi wameanguka jioni, naye hufurahi. Hajui, au hataki kujua, kwamba mvua ya usiku itaichukua sumu hiyo mpaka bondeni ambako mwengine amepanda mpunga, na kwamba nyuki aliyetua kwenye maua yake hakutoka kondeni mwake. Nafuu ni yake yeye, na sehemu kubwa ya gharama imepelekwa kwa asiyeulizwa. Kuvu kwa upande wake ni mvivu. Inataka wiki moja hadi tatu, inataka unyevu, haipendi jua kali, na aghalabu kila aina ina wadudu wake inaowajua na wengine inawapita. Mkulima anayeitumia lazima akae atazame mazao yake yakiliwa siku kumi huku anajua kwamba msaada umeshaingia lakini haujafika. Gharama ya kungoja anailipa yeye mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni sifa, ingawa wauzaji wa dawa huihesabu kuwa kasoro. Nakiri ni rahisi kuisifu subira ya mwenye konde ukiwa na pensheni.

Tena si kila gharama ya namna hii humwangukia mwenye mali. Wazee wanaokumbuka miaka ya 1950 watakumbuka pia kwamba alikuja Zanzibar mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, akachunguza kwa nini nazi zinadondoka changa. Alikuta kwamba minazi yenye majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, ilikuwa salama zaidi, kwa sababu majimoto humfukuza kunguni anayezinyonya nazi. Na kunguni huyo amepewa jina la Way mpaka leo. Basi mwenye mnazi alishauriwa kuwaacha majimoto wakae. Shauri zuri. Lakini mwenye mnazi haumwi. Anayeumwa ni mkwezi, ambaye nazi si zake. Sijaona kitabu chochote cha kilimo kinachozungumza habari za mkwezi.

Sasa nije kwenye lile linalowatisha watu wengi zaidi, na kwa haki. Sumu, hata ikiwa kali vipi, haizai. Ukiacha kuimwaga, siku moja itakwisha. Kilicho hai huzaa. Ukishakiachia huwezi kukiita kirudi. Sisi Wazanzibari hatuhitaji kusomeshwa somo hili na mtu wa mbali, kwani tunaliona juu ya mapaa. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, ili wasafishe taka za mji. Walisafisha. Kisha wakala vifaranga, wakala mayai ya ndege wa kienyeji, wakazaana, wakavuka bahari hadi bara. Waliowaleta walimaliza muda wao wa kazi, wakapanda meli, wakaenda zao kupumzika kwao. Sisi tumebaki na kunguru. Huko Jamaica mwaka 1872 mwenye mashamba ya miwa aliagiza nguchiro kutoka India ili wale panya. Nguchiro wakala panya kiasi, kisha wakageukia ndege, mijusi na kuku.

Atasema mtu: lakini kuvu si kunguru, kuvu ya kuua wadudu aghalabu ilikuwa tayari iko udongoni, na mtu huizidisha tu pale inapohitajika. Ni kweli, na ni tofauti kubwa. Mbegu ikikosa mdudu wake na ikapigwa na jua hupungua siku kwa siku. Hata hivyo "ilikuwa tayari iko" si jibu la kila suala. Malaria nayo ilikuwa tayari iko.

Lililonisaidia mimi kulifungua fundo hili ni kulinganisha visa viwili vya kuvu ya jina moja.

Cha kwanza kiko kwa jirani zetu, Kenya ya magharibi. Huko kuna gugu ambalo sisi tunaliita kiduha, na wengine huliita gugu chawi, kwa sababu huuroga mhindi kabla halijaonekana. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka kumi na zaidi zikingoja. Mhindi ukitoa mizizi, mbegu hunusa, humea, hujifunga kwenye mzizi na kunyonya. Mwenye konde anaona mahindi yamedumaa, na kiduha kinapochomoza na maua yake mazuri ya zambarau, hasara imeshapita. Kung'oa hakumfai kitu. Watafiti, miongoni mwao Henry Nzioki wa Kenya na David Sands wa Marekani, walichukua kuvu iliyokuwa ikikiuguza kiduha chenyewe, Fusarium oxysporum ya aina inayoshika kiduha tu, wakachagua zile zilizo kali zaidi, wakazikausha juu ya vijiti vya kuchokolea meno. Kijiti kinapelekwa kijijini. Mkulima, na mara nyingi ni mwanamke, hupika wali, akaupoza, akautia kwenye chombo safi pamoja na kijiti, akautikisa na kuuacha siku chache mpaka uote. Siku ya kupanda hutia chembe chache za wali huo katika kila shimo pamoja na mbegu ya mhindi. Ilijaribiwa mwaka 2014 katika mashamba ya wakulima 500, na mavuno yalizidi kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2021 Kenya iliisajili kuwa dawa halali, kwa jina la Kichawi Kill.

Naomba msomaji alitazame jiko hilo kwa makini. Yule mama anapika maradhi kwenye sufuria, na maradhi hayo ataishi nayo. Konde ni lake, mahindi atayala yeye na watoto wake, maji atayateka kwenye kisima kilicho chini ya mteremko. Likiharibika jambo, atakuwa wa kwanza kujua na wa kwanza kuumia. Na kama shemeji yake wa konde la pili hakupendezwa, anajua mlango wa kubisha hodi.

Kisa cha pili kiko mbali. Jamaa ya Fusarium oxysporum ni kubwa, na kila kabila lake lina mmea wake. Liko linalonyausha migomba, na liko linaloua mkoka, mti ambao majani yake hutengenezwa kokeni. Mwaka 2000, Marekani ilipokuwa ikitayarisha fedha nyingi za msaada kwa Kolombia, kulikuwa na msukumo mkubwa katika Bunge lao kwamba kuvu hiyo ijaribiwe dhidi ya mikoka huko huko Kolombia. Nchi jirani ziliingiwa na khofu, wanasayansi wakauliza itafanya nini ikishaingia katika misitu ya Amazoni, na wengine wakasema hii ni silaha ya maradhi kwa jina la kilimo. Rais Clinton aliliondoa sharti hilo mwaka huo huo, na Kolombia ikaikataa. Huenda wataalamu wake walikuwa na hakika kwamba isingegusa mti mwengine. Mimi sibishani nao kuhusu kuvu. Nasema tu kwamba waliotaka kuiachia wangekuwa wamelala Washington siku ambayo muhogo wa mtu fulani ungeanza kunyauka, na mtu huyo asingejua hata abishe hodi wapi.

Kuvu ni ya jina lile lile katika visa vyote viwili, na elimu pia ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja anaachia kilicho hai pale anapoishi, mbele ya watu wanaomjua, na mwengine anakiachia pale ambapo hataonekana tena. Kunguru wetu wanatokana na huyu wa pili. Nimeshawishika kwamba hapa ndipo penye mpaka, zaidi kuliko katika ukali wa kuvu au wingi wa wadudu watakaokufa. Dhima ya anayeachia kilicho hai haiwezi kuwa na muda mfupi kuliko umri wa kile alichokiachia, na asiyekusudia kukaa hana namna ya kuibeba.

Lakini kanuni hiyo haitoshi kila pahala, na lazima niseme wapi inaponishinda. Mwaka 2009 nzige wekundu walizaana katika mabonde ya bara: Iku-Katavi, ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Hapana mkulima mmoja mmoja awezaye kupika wali wa kutosha nzige. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na shirika la nchi zetu la kupambana na nzige wekundu walinyunyiza Metarhizium kutoka angani juu ya hekta zipatazo 10,000, sehemu yake ikiwa ndani ya hifadhi ya wanyama. Asili ya kuvu iliyotumika ilikuwa panzi mmoja aliyeokotwa Niger mwaka 1988. Wanyunyizaji hawakuwa wenyeji, wala kuvu haikuwa ya hapo. Na bado nadhani walifanya vyema. Sumu waliyokuwa wakiitumia watangulizi wao ingekwenda mtoni na ziwani, na ndege anayekula nzige mwenye sumu naye hula sumu; anayekula nzige mwenye kuvu hii amekula chakula tu. Pengine jawabu ni kwamba shirika la nzige linakaa hata maofisa wake wakiondoka. Lina daftari, lina afisi, mtu anaweza kulishtaki. Pengine. Sijaridhika na jawabu hili, na naliacha hapa kama lilivyo.

Mimi mwenyewe nisingeandika haya kama lisingenifika mlangoni. Mpwa wangu alirudi kutoka masomoni bara mwaka juzi, akiwa na elimu ya kilimo na haraka ya kuitumia. Nina minazi arubaini na kitu, na kila mwaka chonga huipunguza. (Chonga huyu ni mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, si kijiji cha Chonga, ambacho watu wake ni wema.) Ukiona makuti yamekatika kama yaliyopitishwa mkasi, ujue amepita. Tangu zamani tunamtoa kwa waya wenye ndoana, mmoja mmoja, na funza wake wanene weupe wanalelewa katika magogo ya minazi iliyooza na katika malundo ya samadi.

"Mjomba," akaniambia, "nipe lile lundo lako la samadi. Nitapika wali, nioteshe kuvu, niichanganye humo. Funza watakufa wenyewe kwa wenyewe."

Nikamwambia lundo ni langu, nalitoa, lakini chonga hutoka na kuruka, na shamba letu limepakana na la mzee mwenzangu anayefuga nyuki. Aende kwanza kwa miguu yake akamwulize.

"Lakini mjomba, kuvu hii haina neno na nyuki! Huko Marekani wamewahi kuitia ndani ya mizinga yenyewe ili iue utitiri, na nyuki hawakudhurika."

"Vizuri. Kamwambie hayo hayo."

Akaenda. Nami nikafuata nyuma, maana nilitaka kusikia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, asimkatize, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, huyu mdudu wenu anajua kusoma?"

"Hajui," nikasema.

"Basi mpaka wa shamba langu ataujuaje?"

Mpwa wangu akaanza kueleza habari za unyevu na za jua, na kwamba aina za kuvu ni mbalimbali, na kwamba hiyo ya mizinga ya Marekani si lazima iwe sawasawa na atakayoipata yeye, lakini kwamba kwa uwezekano mkubwa. Hapo akasita. Kwa hilo nilimpenda. Mtu mwongo asingesita.

Mzee akafikiri, akatafuna tambuu yake, kisha akatoa sharti ambalo mimi, kwa vitabu vyangu vyote, nisingelitunga. Hakukataa na hakukubali. Alisema: "Nunua mzinga mmoja, mwanangu, kwa pesa yako. Utundike pale pale karibu na lundo lenu la samadi. Nyuki wakiingia wawe wako, uwalinde, urine asali yao. Wakishakuwa wako, pika wali wako. Mimi nitakaa nitazame."

Mpwa wangu alirudi amenuna kwa sababu mambo yatachelewa. Alikuwa amehesabu kwamba ifikapo masika kazi itakuwa imeshaanza, na sasa amefungwa na nyuki ambao hata hawajaja. Mzinga ameununua, wa gogo, na ameutundika kwenye mdodo kwa kamba mpya. Ameupaka nta ndani ili uwavute. Jana nilimkuta amesimama chini yake, ameinua kichwa, anasikiliza.